Thamostati ya Mia na Tisini

Kulikuwa na thamostati mbili kwenye droo ya stoo, mpya zote, zimefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Moja ilikuwa imegongwa namba 160 ukingoni, nyingine 190. Kwa umbo zilikuwa mapacha. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuzichanganya na asilaumiwe. Mimi nilijua kusoma. Ndiyo sababu niliajiriwa.

Nilikuwa karani wa stoo katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Embu, miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza kupambana na wapiganaji wa msituni. Mafundi wetu wawili walikuwa wamekamatwa na kupelekwa kizuizini, kwa hiyo nilikuwa nimeanza kushika spana pia, kitabu cha Kiingereza kikiwa wazi juu ya mota ninayoitengeneza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mfukoni nilikuwa na pasi ya ruhusa ya kutembea, yenye mihuri yote iliyotakiwa, na niliitunza kuliko nilivyotunza macho yangu.

Kwa asiyewahi kufungua injini: thamostati ni mlango mdogo wa maji. Inakaa juu ya injini, pale unapoanzia mpira mkubwa unaokwenda kwenye rejeta inayopoza maji. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, na maji yanazunguka humo humo ndani ili chuma kipate joto upesi. Maji yakifikia joto la ile namba iliyogongwa, kwa kipimo cha Farenhaiti ambacho maji ya pwani huchemka kwenye 212, kifuko cha shaba kilichokunjwakunjwa kinaanza kutanuka, kinausukuma mlango, na maji yanapita kwenda kupoa. Mlango haufunguki kwa ghafla. Unaanza kidogo, na maji lazima yazidi kupanda joto ndipo ufunguke wote. Hilo la mwisho halikuwa kwenye kitabu changu. Nilifundishwa na dereva.

Dereva huyo alikuwa Mmbeere wa upande wa Gachoka, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, aliyekuwa ameendesha malori ya jeshi huko Burma. Sasa alimwendesha ofisa mmoja Mzungu, msimamizi wa kambi ya kuhojia watu, katika motokaa ya ofisa mwenyewe, nyeusi, ya Kiingereza, iliyotengenezwa kabla ya vita. Ofisa aliipenda motokaa ile. Watu waliotolewa kambini kwake walikuwa wakibebwa kwa machela, lakini motokaa ikikwaruzwa na mwiba alishuka akaupapasa ule mstari kwa kidole gumba.

Dereva naye hakuwa mtu mwema, nisije nikamfanya malaika kwa sababu ya yaliyompata. Nilimwona kwa macho yangu akiwapigia honi kwa nyuma wanawake waliotoka kuchimba handaki la mpaka wa msitu, wamechoka, majembe begani, mpaka wakajitupa mtaroni. Alicheka. Alivaa yunifomu ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Hakujua kusoma wala kuandika zaidi ya namba, na aliniita "Karani" kwa namna ambayo ungedhani karani ni ugonjwa.

Siku ile ilikuwa ya soko. Ofisa alileta motokaa kwa sababu mshale wa joto ulikuwa unapanda bila mpango. Nikafungua, nikaikuta thamostati ya zamani imeganda kwa kutu, mlango haufunguki wala haufungiki. Nilijivunia sana kuipata. Nikamwambia ofisa kwa Kiingereza, makusudi ili dereva asielewe, kwamba tuitoe tu na kuacha wazi, watu wengi hufanya hivyo.

Dereva akamgeukia mwenye gereji. "Anasema nini huyu?"

Mwenye gereji akamweleza. Dereva akatazama ile injini iliyo wazi, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili cha kusikika hadi barabarani, "Atoe kabisa? Na kule juu kwenye ukungu wa msitu injini itapata wapi joto? Oili igeuke uji, pete za pistoni ziliwe zote? Nani aliyemruhusu huyu kugusa injini?" Kisha akaniita kwa neno la Kiembu la mvulana ambaye hajatahiriwa.

Huko kwetu hilo si tusi la kucheka nalo. Watu wamewahi kukatana mapanga kwa neno hilo. Lakini watu walicheka. Wanawake waliouza ndizi langoni walicheka. Mwenye gereji alicheka. Ofisa akauliza maana yake, akaelezwa, akacheka hadi akafuta machozi, akanigonga kichwani kwa kofia yake. Na pale langoni, ameegemea baiskeli akingoja tairi lake litiwe kiraka, alikuwa baba ya msichana ambaye wazee wa kwetu walikuwa wamekwenda kumposa wiki iliyotangulia. Yeye hakucheka kwa sauti. Alitazama chini na mabega yake yakatikisika.

"Wewe Karani," ofisa akasema kwa Kiswahili chake. "Kesho saa mbili mimi nakwenda Meru. Wewe weka mpya. Dereva onyesha yeye."

Ndipo dereva akanifundisha. Alitaka sufuria, kipimajoto na uzi. Akawasha jiko nyuma ya stoo, akaitundika ile ya 160 majini kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto pembeni yake, akaniambia nichutame nitazame. Maji yalipofika kwenye namba, mlango ukapasuka ufa mwembamba kama ukucha. Akaniamuru nisiondoe macho. Ulikuja kufunguka wote wakati uzi wa zebaki umepita digrii ishirini mbele.

"Umeona? Sasa sikiliza," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali, maana mtu akifundisha anasahau kuchukia. "Pwani maji yanachelewa kuchemka. Hapa Embu yanachemka mapema. Ukipanda mlima yanachemka mapema zaidi. Sijui ni kwa nini, lakini nimeona. Kule Burma kuna milima, tulipika maharagwe siku nzima yakabaki mawe. Sasa hiyo nyingine, ile yenye namba kubwa, imetengenezwa kwa nchi ya barafu. Mpaka ifunguke yote, maji ya hapa yameshageuka mvuke. Weka hii. Sawa?"

"Sawa, Mzee."

"Sawa," akasema, akanawa mikono, akaenda zake kula.

Mimi nilijua ni kwa nini. Shuleni misheni tulifundishwa kwamba juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji. Ningeweza kumwambia. Angefurahi, nafikiri. Sikumwambia.

Niliongeza mkaa, nikaitundika ile ya 190. Nilichutama nikaitazama hadi maji yakaanza kuruka ndani ya sufuria, mvuke ukanichoma paji la uso, na mlango ulikuwa umefunguka nusu tu. Nilirudia mara ya pili kuhakikisha. Halafu nikaenda kwenye motokaa nyeusi, nikapangusa kiti cha thamostati, nikakata gasketi mpya ya karatasi, nikaifunga ile ya 190 humo ndani. Nilikaza boliti taratibu, moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya hadi siku ile.

Nilitaka nini? Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Nilitaka motokaa ichemke kwenye kilima cha kwanza, Runyenjes, siku ambayo watu wamejaa njiani. Nilitaka mtu yule ashuke na yunifomu yake ateremke mtoni kuteka maji kama mwanamke, na ofisa amtukane mbele ya watu. Sikutaka zaidi ya hapo. Lakini nilijua tunaishi miaka gani. Nilijua kwamba mtu alikuwa anaweza kupotea kwa sababu ya kukutwa na risasi moja tupu, au kwa kukohoa vibaya wakati anahojiwa. Nilijua, na nikakaza boliti.

Asubuhi dereva alikuja mapema. Alipapasa kifuniko.

"Umeweka ile ya namba ndogo?"

"Nimeweka."

"Uliipima tena?"

"Mara mbili."

Akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Utajifunza," akasema. Ndilo neno jema pekee alilowahi kuniambia.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa na askari aliyekaa kiti cha nyuma, mtu wa kabila la mbali, asiyejua lugha ya kwetu hata neno. Alinisimulia kesho yake ameegemea ukuta wa gereji anamenya ndizi.

Runyenjes mshale ulikuwa juu, akasema. Dereva aliomba wasimame, wakasimama, akaongeza maji, wakaendelea. Chuka ukawa juu tena. "Bwana, mota inaumia," dereva akasema. "Tungojee hapa ipoe." Ofisa akakataa. Alikuwa na mkutano Meru na alikuwa amechelewa tayari. Ng'ambo ya Chuka barabara inashuka kwenye bonde refu la mto, kisha inapanda upande wa pili, inajipinda, na msitu unakaribia kwa mkono wa kushoto. Wiki hiyo watu wa msituni walikuwa wameonekana huko. Katikati ya kupanda, mvuke ukafumuka pande zote za boneti, injini ikagonga mara mbili tatu, ikazima.

Ofisa akatoa bastola. Askari akashuka na bunduki. Dereva akafungua boneti, akaungua mkono, akasema lazima maji. Akachukua debe, akateremka kuelekea mtoni. Akakawia. Kule chini ni mbali na kuna mwinuko. Lakini mtu anayengoja kwenye barabara tupu na msitu unamtazama hahesabu mwinuko.

"Halafu tukaona wanakuja wawili," askari akaniambia.

Wa pili, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mtu aliyekuwa anakata majani ya mbuzi karibu na mto, katika zile saa chache walizoruhusiwa kutoka kijijini. Alikuwa na chombo chake cha maji. Alipoona dereva anahangaika, alijaza chake pia akajitwika amsaidie. Panga lake la kukatia majani lilikuwa kiunoni. Walitokea kwenye kichaka ghafla, wote wawili, yeye mbele.

"Bwana akasema piga. Nikampiga yule wa mbele." Askari alimaliza ndizi, akatafuta pa kutupa ganda. "Maji yote yakamwagika, bwana wee. Ikabidi nirudi mtoni mimi mwenyewe."

Malori mawili ya jeshi yalitokea Meru baadaye, moja likaivuta motokaa hadi Embu. Maiti walitupia kwenye lile jingine. Dereva walimfunga mikono, wakaanza kumhoji pale pale barabarani.

Waliileta motokaa gerejini asubuhi ya pili. Ofisa alikuwa kwenye ofisi yake anaandika, angekuja adhuhuri. Mwenye gereji akaniambia nifungue juu, nione ni nini kimeharibika. Akaenda kupokea simu.

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, na nitasema niliitumiaje. Nilifungua kifuniko. Ile ya 190 ilikuwa pale, imepakwa tope la kutu la maji yaliyochemka. Niliitoa. Nikachukua ile ya 160 kwenye droo, nikavua karatasi niliyokuwa nimeifunga tena, nikaiweka mahali pa mwenzake, nikafunga. Ile nyingine niliipeleka chooni nikaiangusha shimoni. Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Niliishangaa mikono yangu.

Ofisa alikuja na askari yule na homgadi wawili, wenyeji waliopewa bunduki na serikali. Dereva alikuwa nyuma ya gari lao, akashushwa. Kwa siku moja walikuwa wamemfanya mzee. Jicho moja lilikuwa limefunga, na vidole vya mkono wa kulia alivibeba kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

"Fungua," ofisa akaniambia.

Nikafungua mbele yake. Alikuwa na kitabu cha motokaa yake, amekifungua kwenye ukurasa wenye namba. Nikaitoa thamostati, nikampa. Akaipeleka kwenye mwanga, akasoma ukingoni. Mia na sitini. Akatazama kitabu. Akatikisa kichwa polepole.

"Hii ni sawa," akasema. Akamgeukia dereva. "Hii ni sawa! Kwa hiyo wewe nani alitoa maji? Wewe alitoa maji ile mahali, ili watu yako wapate mimi."

Dereva hakuwa anamtazama ofisa. Alikuwa anatazama kile kipande cha shaba mkononi mwa Mzungu. Kiling'aa. Katika haraka yangu sikukumbuka kukipaka tope. Kisha akaniangalia mimi, na akaniambia kwa Kimbeere, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua:

"Hicho hakijawahi kufanya kazi kwenye injini. Angalia kinavyong'aa. Mwambie."

"Anasema nini?" ofisa akaniuliza.

Kiembu na Kimbeere ni kama ndugu wa tumbo moja. Nilielewa kila neno. Wale homgadi wawili walikuwa kando ya gari lao wanawasha sigara, hawakusikia. Mwenye gereji alikuwa karibu nami. Miaka ishirini ya kuuza vitu kwa watu wetu ilimfundisha lugha yetu vizuri. Yeye akainama akaanza kutafuta chini spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Anaomba msamaha, Bwana," nikasema kwa Kiingereza.

Dereva alijua Kiingereza kidogo cha jeshi. Neno la msamaha alilijua. Alifungua kinywa aseme kwa Kiswahili, akafika kwenye "Bwana, huyu," na homgadi mmoja, aliyedhani anataka kumrukia ofisa, akampiga na kitako cha bunduki mdomoni. Alianguka kwa magoti. Alitema kitu. Wakamwinua wakamrudisha garini, na ofisa akanishika bega akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni kijana mwaminifu.

Miezi miwili baadaye nilipewa cheti cha uaminifu. Niliweza kutembea hadi Meru na hadi Nairobi bila kuulizwa. Baba ya yule msichana alikubali. Nilioa, na kwenye harusi yetu mwenye gereji alileta kondoo. Habari ya ile spana hatukuizungumzia, wala siku ile wala hadi alipokufa.

Dereva walimpeleka kizuizini, kwanza karibu, halafu mbali kwenye nchi kavu, halafu kisiwani. Habari zilikuja kwa vipande. Nyumba yake ya Gachoka ilivunjwa, mbuzi wakachukuliwa, na mke wake akahamishiwa kijiji chenye uzio wa miti iliyochongwa na daraja la kuvutwa.

Mke huyo alikuja gerejini. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Nilidhani amekuja kunilaani, nikarudi nyuma ya kaunta. Lakini hakujua lolote. Alichojua ni kwamba mumewe alifanya kazi na karani anayeweza kuandika Kiingereza.

"Karani, naomba uniandikie barua," akasema. "Kwa Bwana Disii, mkubwa wa wilaya. Mwambie mume wangu hakuwahi kula kiapo cha watu wa msituni. Mwambie alipigana vita ya mfalme. Mwambie ile mota iliharibika yenyewe."

Nikamwandikia. Niliandika vizuri, kwa mwandiko wa misheni, nikaandika kwamba alipigana vita ya mfalme. Ile habari ya mota kuharibika yenyewe niliiacha. Nilimsomea barua kwa Kiembu, nikaisoma na habari hiyo kana kwamba imo. Akanishukuru. Siku hiyo alikuwa amekuja na ndengu kwenye kibuyu, akanipa. Alirudi tena msimu uliofuata, na mwingine. Kila mara aliomba barua, na kila mara alileta kitu: kunde, mtama, mara moja asali kwenye chupa ya dawa. Walikuwa na njaa kule, watoto walikuwa wakifa kijijini, nilisikia. Nilimwambia asijisumbue. Akasema mtu hafanyiwi kazi bure.

Asali ile niliila. Mke wangu aliisifu, akauliza imetoka wapi. Nikasema Mbeere.

Mtoto wake wa mwisho alikufa katika barua ya nne. Aliniomba niliandike hilo pia. Nililiandika.

Dereva aliachiliwa wakati Imajensi ilipokuwa inakaribia kwisha. Alikuja gerejini mchana wa siku ya kazi, kwa miguu, amevaa kaptura na koti la mtu mwingine. Meno ya mbele hayakuwepo. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimepona vikiwa vimepinda, havishiki. Wakati huo mimi nilikuwa fundi mkuu, na nilikuwa chini ya lori. Niliona miguu yake kwanza, nikaijua.

Nilitoka. Niliogopa atanipiga, na nilitumaini atanipiga.

"Nimekuja kuuliza kama kuna kazi ya kuosha magari," akasema. Alisema na mwenye gereji, si nami. Mwenye gereji alimpa kazi haraka sana, kabla hajamaliza sentensi.

Tulifanya kazi uani pamoja karibu mwaka mzima. Aliosha magari kwa mkono wa kushoto. Alinisalimu asubuhi kama alivyowasalimu wote. Ningetaka kusema alinitazama kwa chuki, ingekuwa nafuu; hakunitazama kwa namna yoyote. Mara moja tu alisimama kando yangu nikiwa nimefungua injini, akaangalia ninavyoweka thamostati, akaondoka.

Siku hiyo nilimfuata nyuma ya stoo. Nilimwambia yote, ingawa alikuwa anayajua: droo, sufuria, shimo la choo, barua nilizomwandikia mke wake na kile nilichoacha ndani yake. Hilo la barua hakulijua. Niliona likimwingia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nipo," akasema. "Mimi naosha magari. Yule aliyenibebea maji hayupo. Nenda kwao ukawaambie."

"Sijui ni nani, Mzee."

"Sikuuliza jina lake. Alinikuta mtoni akasema, lete nikusaidie. Kapande ile njia ya mto, uulize nani hakurudi na majani."

Nilikaa na neno hilo miezi mitatu. Halafu nikapanda basi hadi Chuka, nikatembea kilichobaki. Haikuwa vigumu kumpata. Kila mtu kwenye mgongo ule wa kilima alimjua mtu aliyekwenda kukata majani asirudi. Nilielekezwa kwa mama yake, mwanamke mzee aliyekuwa anapukuchua mahindi mbele ya nyumba mpya, maana walikuwa wameanza kuruhusiwa kurudi mashambani.

Alinipa uji kabla hajaniuliza mimi ni nani. Kisha akauliza, "Umetoka kizuizini? Umemwona mwanangu huko?"

Hawakuwa wameambiwa. Lori liliondoka na maiti, na hakuna aliyekuja kijijini kusema. Kwa miaka ile yote mama huyu alikuwa anahesabu kwamba mwanawe yuko kambi fulani, na kila aliyeachiliwa akipita alimwita ampe uji.

Nikamwambia. Nilianza na motokaa, hakuelewa, nikaanza upya na maji. Nikamwambia mwanao alimsaidia mtu kubeba maji wakampiga risasi, na motokaa ile ilisimama pale kwa sababu yangu mimi.

Hakulia. Aliniambia nisiondoke mahali nilipoketi. Akawaita majirani, wakaja, akaniambia, "Sema tena." Nikasema. Wakaja wengine, ndugu za marehemu wakatoka shamba na majembe yao. "Sema tena." Nilisema mara nne au tano, na kila mara alinisikiliza tangu mwanzo na mikono yake ikipukuchua mahindi. Nilipofupisha, alinirudisha. "Ulisema alikuwa mbele. Umesahau kusema alikuwa mbele."

Hakuna aliyenigusa. Ndugu mmoja, wa umri kama wangu, aliuliza swali moja tu.

"Walimzika wapi?"

Nilisema sijui, nitauliza. Nilirudi Embu nikamuuliza dereva. Akasema walipokuwa wanamhoji barabarani, lile lori lenye maiti liliwasha injini likaelekea Meru na mguu mmoja wa yule mtu ukining'inia nyuma, na zaidi ya hapo hajui. Nilimtafuta yule askari, alikuwa ameshahamishwa. Ofisa alikuwa amerudi kwao na motokaa yake, imetiwa kwenye meli. Niliandika barua mbili kwa serikali kwa mwandiko wangu wa misheni. Hazikujibiwa.

Sikuwa na la kuwapelekea, kwa hiyo sikurudi. Nilisikia baadaye kwamba yule mama alikufa, na kwamba hadi mwisho aliendelea kuwaita wapita njia na kuwapa uji, akiwauliza kama wanajua ni wapi.